Mabega yanauma, kosa liko mgongoni

Mwanamke mwenye matiti makubwa anapoilalamikia sidiria yake, aghalabu hunyooshea kidole mahali pasipo na kosa. Atasema kamba zinamkata mabega, na kweli zinamkata. Akivua jioni utaona mifereji miwili iliyozama kwenye nyama. Basi ananunua nyingine yenye kamba pana, tena zenye sponji ndani, na mabega yanaendelea kuuma. Kamba hazikuwa na hatia. Ukanda wa mgongoni ndio uliolegea ukapanda juu, na uzito uliopaswa kukaa kwenye mbavu ukahamia mabegani.

Shida nyingi za sidiria kwa wenye kifua kikubwa ziko hivyo: panapouma ni pengine, palipoharibika ni pengine. Ndiyo maana kubadilisha sidiria ovyo hakusaidii. Lazima kwanza ujue uzito umeelekea wapi.

Ndani ya titi hakuna msuli wa kulibeba. Kuna tezi, mafuta na nyuzi nyembamba za tishu zinazoitwa kano za Cooper, kwa jina la daktari mpasuaji Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza katika karne ya 19. Mazoezi ya kifua hukaza msuli ulio nyuma ya titi, lakini titi lenyewe hayalinyanyui. Linalobeba ni ngozi, nyuzi hizo, na nguo uliyovaa. Katika nguo hiyo, ukanda unaokumbatia mbavu ndio msingi; waya husimama juu ya msingi huo na kuzunguka mzizi wa titi; kikombe hushika; kamba huvuta ukingo wa juu wa kikombe usianguke mbele. Kamba ni wasaidizi tu. Ukitaka kuhakikisha, vaa sidiria yako, ifunge, kisha teremsha kamba zote mbili mabegani. Matiti yakishuka kidogo, ukanda unafanya kazi yake. Yakiporomoka pamoja na vikombe, kamba ndizo zilizokuwa zikibeba kila kitu.

Kupima kunahitaji tepu laini ya fundi na kioo. Vua kabisa, au vaa sidiria nyembamba isiyo na sponji. Kipimo kilichochukuliwa juu ya blauzi hakifai. Anza chini ya matiti, penye mkunjo. Tepu iwe sawa mbele na nyuma, na nyuma ndiko inakopenda kushuka au kupanda bila wewe kujua, kwa hiyo geuka ujitazame. Toa pumzi, kaza tepu ishike bila kuuma, andika namba. Halafu rudia ukiikaza kadiri unavyoweza kuvumilia. Namba hizi mbili zikiachana kwa inchi 3 au zaidi, una nyama laini juu ya mbavu, na ukanda utazama zaidi ya unavyotarajia. Huenda ukahitaji namba ndogo kuliko ile ya kwanza. Zikiachana kwa inchi moja tu, mbavu ziko karibu na ngozi, na ukanda unaobana sana utakuchosha kabla ya adhuhuri.

Kifua nacho kipimwe mara mbili. Mara ya kwanza simama wima, tepu ipite juu ya chuchu bila kubonyeza. Mara ya pili inama mpaka mgongo ulale sambamba na sakafu, matiti yakining'inia, upime tena kwenye sehemu iliyojaa zaidi. Wengi huruka hatua hii, na kwa kifua kikubwa ndiyo yenye habari nyingi. Titi zito na laini, mtu akisimama, hulala juu ya mbavu na sehemu yake nyingine husogea kuelekea kwapani, kwa hiyo tepu hailioni lote. Ukiinama, kila kilichojificha kinakuja mbele. Kwa titi dogo vipimo hivi viwili hukaribiana. Kwa titi kubwa huweza kuachana kwa inchi 2 au 3, na inchi hizo ndizo zinazokuja kufurika juu ya kikombe. Chukua wastani wa viwili.

Tuseme chini ya matiti ni inchi 33, kifua ukisimama ni 41, ukiinama ni 43. Namba za ukanda huenda kwa shufwa, kwa hiyo ukanda ni 34. Wastani wa kifua ni 42. Toa 34, inabaki 8. Kila inchi moja ni hatua moja ya kikombe, na kwa mpangilio wa Uingereza hatua hizo ni A, B, C, D, DD, E, F, FF, G, GG, H, HH, J, JJ, K. Hatua ya nane ni FF. Mwanamke huyu aanze kujaribu 34FF.

Sasa mwanamke huyohuyo apimwe na muuzaji anayefuata njia ya zamani, ile ya kuongeza inchi 4 au 5 kwenye kipimo cha chini. 33 na 5 ni 38. Kifua 41 kutoa 38 ni 3. Anaondoka dukani na 38C. Ukanda ule utampwaya tangu siku ya kwanza, na vikombe ni vidogo kwa hatua 3 nzima. Atajiona ana matiti ya ajabu yasiyopata nguo, kumbe ni hesabu.

Tumesema hatua 3 kwa sababu ujazo wa kikombe haukai kwenye herufi peke yake. Herufi ni tofauti kati ya kifua na ukanda, basi. D maana yake ni inchi 4 tu zaidi ya ukanda: kwenye ukanda wa 30 hilo ni titi la wastani, kwenye ukanda wa 42 ni titi zito. Ukipanda ukanda namba moja na kushuka kikombe herufi moja, ujazo unabaki uleule. 34FF, 36F na 38E ni saizi ndugu, na ukienda upande wa pili ni 32G. Vivyo hivyo 38C ni ndugu wa 34DD, na kutoka DD hadi FF ni hatua 3. Hofu ya herufi kubwa ina historia yake. Kampuni ya S. H. Camp ya Marekani ilipoanza kutumia herufi mwaka 1932, zilikuwa nne tu, A hadi D, na mpaka leo masikioni mwa wengi D inasikika kama mwisho wa barabara. Leo kuna sidiria zinazoshonwa hadi K na kupita.

Faida ya kuzijua saizi ndugu inaonekana dukani. Umejaribu 36F, vikombe vimekaa vizuri lakini ukanda unalegea. Usiombe 34F, hiyo itakuwa na vikombe vidogo zaidi. Omba 34FF. Kosa hili ndilo linalowafanya wengi waamini kwamba ukanda wa kubana huleta kufurika.

Lebo za nchi mbalimbali ni msitu, ila una njia. Uingereza na Marekani hutumia inchi kwenye ukanda na hufanana mpaka DD, kisha huachana. Baada ya DD, Marekani huweka DDD au F kwa kitu kilekile, halafu G, H, I bila kurudia herufi. Matokeo yake 34G ya Marekani ni ndogo kwa hatua 2 kuliko 34G ya Uingereza. Sehemu kubwa ya Ulaya bara hutumia sentimita, 70, 75, 80, 85, na herufi zisizorudiwa, kila moja ikiwa sentimita 2. Ufaransa na Hispania huongeza 15 kwenye namba hiyo, hivyo 75 huandikwa 90. Australia hutumia namba za magauni, 12 ikiwa 34. Kwa hiyo unapoagiza mtandaoni, swali la kwanza ni lebo ya nchi gani.

Kuna kitendawili kimoja kwenye majedwali ya kubadilishia saizi. Karibu yote huweka 34 ubavuni mwa 75. Lakini inchi 34 ni sentimita 86, na kwa kanuni ya Ulaya 75 ni ya mwenye sentimita 73 hadi 77 chini ya matiti. Pengo la sentimita 11 limetoka wapi? Ni zile inchi 4 za kuongeza, zimejificha ndani ya jedwali. Hii ndiyo sababu mtu mwenye 34 inayomkaa vizuri anaweza kuagiza 75 kwa kufuata jedwali na kushindwa kuifunga. Usiamini namba, pima sidiria yenyewe. Ilaze, ifungue, vuta ukanda mpaka pale unapokataa kwa nguvu ya kawaida ya mkono, kisha usome urefu wake toka kulabu hadi vitundu vya kwanza. Ukifika kwenye kipimo chako cha chini ya matiti au kukipita kwa sentimita 2 au 3, ukanda huo ni wako. Usipofika, utakukaba. Ukikipita kwa sentimita 7 au 8, utakuwa mgongoni juu kabla ya mwezi kuisha.

Namna ya kuvaa ni sehemu ya saizi. Inama kidogo kutoka kiunoni, acha matiti yaingie kwenye vikombe, funga kulabu nyuma. Ukiwa bado umeinama, shika waya kwa chini na kuutikisa taratibu mpaka ukae ndani ya mkunjo, pale titi linapoanzia, si chini yake wala juu ya nyama. Kisha ingiza mkono wa kulia kwenye kikombe cha kushoto, ufike hadi kwapani, uvute nyama yote kuelekea mbele na juu. Fanya hivyo upande wa pili. Inuka, rekebisha kamba. Nyama ile ya pembeni ambayo wengi huiona mafuta ya mgongo mara nyingi ni titi lililosukumwa na waya mfupi. Ukiirudisha ndani, kikombe kilichoonekana kinatosha huanza kufurika, na hapo ndipo unapojua ukweli wake. Usikate shauri kuhusu saizi kabla ya kufanya hatua hii.

Sidiria mpya ifungwe kwenye mstari wa nje wa kulabu, ule unaolegea zaidi. Lastiki itanyumbuka kwa kuvaliwa na kufuliwa, na mistari ya ndani ni akiba ya baadaye. Ikikutosha kwenye mstari wa ndani siku ya kwanza, huna pa kukimbilia. Kwa mwenye kifua kikubwa tafuta ukanda wenye kulabu 3 au 4 kwa wima, si 2. Ukanda mpana husambaza uzito na haujikunji.

Sasa simama mbele ya kioo na uisome. Ukanda uwe mstari mmoja ulionyooka kuzunguka mwili, na vidole viwili viweze kupita chini yake kwa shida kidogo. Kipande cha katikati, kile kinachounganisha vikombe, kilale bapa juu ya kidari. Waya uzunguke titi lote na kuishia penye mfupa chini ya kwapa, si juu ya nyama laini. Ukingo wa juu wa kikombe ukae bila kukata na bila kuacha uwazi. Chuchu, ukitazama kwa ubavu, ziwe takriban katikati ya bega na kiwiko. Kisha inua mikono juu, kaa, inama, geuka. Sidiria inayokaa vizuri kwa mtu aliyesimama kama sanamu peke yake haitoshi kitu.

Kasoro zinapojitokeza, zifuate mpaka kwenye chanzo.

Ukanda unapanda mgongoni. Kwa kawaida ni mlegevu, lakini si mara zote. Vikombe vikiwa vidogo, titi huusukuma waya mbele na chini, ukanda wa mbele unashuka na wa nyuma unapanda kulipa deni. Vivyo hivyo kamba zikikazwa kupita kiasi, huuvuta ukanda juu kwa nyuma. Ili kutenganisha sababu hizi, vaa sidiria kinyume, vikombe vikiwa mgongoni vitupu, na ufunge mbele. Ukanda sasa hauna titi la kuuvuruga. Ukishika vizuri bila kukaba, ukanda una kipimo sahihi na tatizo ni vikombe. Ukipwaya hata hivyo, punguza namba na upandishe herufi.

Ukanda unabana mno. Hapa tahadhari sana kabla ya kukimbilia namba kubwa. Kikombe kidogo hukopa nafasi kwenye ukanda: titi likikosa pa kukaa, huusukuma waya mbali na kifua, ukanda unavutwa, nawe unahisi umebanwa mbavu. Jaribio lilelile la kuvaa kinyume litakuambia. Wengi waliodai hawawezi kuvumilia 34 huivaa siku nzima wakipewa herufi 2 juu.

Kipande cha katikati kinaelea, hakigusi kidari. Hiyo ni dalili ya kikombe kidogo kwa sehemu kubwa ya watu. Panda herufi moja, jaribu. Kikisogea karibu, panda tena mpaka kiguse. Wapo ambao matiti yao yamekaribiana sana, yanagusana kwenye kidari, na kwao kipande kipana hakitalala hata iweje. Watafute kilicho chembamba na kifupi, kama kwenye sidiria iliyokatwa chini kwa mbele. Na kwa matiti mazito mno yaliyolegea, kipande kinaweza kubaki umbali mdogo bila madhara, mradi waya hauchomi.

Kikombe kinakata titi na kuonekana kama matiti manne chini ya nguo. Hiyo haihitaji maelezo: kikombe ni kidogo. Lakini kinyume chake kinadanganya. Kikombe kinaacha uwazi juu, karibu na kamba, na kila mtu anasema ni kikubwa. Huenda. Huenda pia ni kidogo: titi limeshindwa kushuka hadi chini ya kikombe, waya umekaa chini ya mkunjo, na kikombe kizima kimesukumwa mbele kikaacha pengo juu. Inama, tikisa, vuta nyama ya kwapani. Pengo likipotea, saizi haikuwa na shida, uvaaji ndio. Pengo likibaki na waya hautaki kupanda kwenye mkunjo, jaribu kikubwa zaidi kabla ya kidogo. Lisipoondoka hata hapo, ni suala la umbo, na umbo ndilo linaloamua sidiria gani uivae hata ukiwa na saizi sahihi.

Umbo linasomwa ukiwa umeinama bila nguo, ukitazama kwenye kioo kwa mbele. Chuchu zikielekea sakafuni au kukuelekea wewe, titi limejaa zaidi kwa juu. Zikielekea kioo, limejaa kwa chini. Aliyejaa chini hufaidi kikombe chenye ukingo uliokatwa chini na kamba zilizo pembeni, kwa sababu kikombe kinachofunika kila kitu kitabaki kitupu kwa juu. Aliyejaa juu atakatwa na ukingo huohuo, na anahitaji kikombe kirefu chenye lesi inayonyumbuka upande wa juu. Kipimo cha pili ni kina. Titi linaweza kuwa na mzizi mwembamba na kujitokeza mbele sana, au mzizi mpana na kutawanyika kifuani. Wenye 34FF wawili wanaweza kuwa na ujazo sawa kabisa na wasiweze kuazimana. Mwenye kina akivaa kikombe kisicho na kina, waya utashuka chini ya mkunjo na kumchoma mbavu, naye ataulaumu waya. Mwenye mzizi mwembamba akivaa waya mpana, ncha yake itamchoma kwapani, naye ataamini kikombe ni kikubwa, akashuka herufi, na kuanza kufurika.

Kwa sababu ya kina, vikombe vya mishono hushinda vile vya sponji vilivyotengenezwa kwa kubonyezwa kwenye umbo. Wauzaji wengi hupenda kuonyesha vya sponji kwa kuwa vinapendeza vikiwa vimening'inia. Kikombe cha sponji kina umbo lake na hakikusikilizi. Titi lisilolingana nalo huacha pengo au hufurika. Kikombe cha vipande 3 au 4 vilivyoshonwa pamoja hupata kina kutoka kwenye mishono yenyewe, na kipande cha pembeni kinachosimama kutoka chini hadi kwenye kamba huleta titi mbele badala ya kuliacha lielekee kwapani. Angalia pia kitambaa: upande wa chini wa kikombe uwe na bitana isiyonyumbuka. Vuta kwa vidole. Ikinyumbuka kama soksi, titi zito litaishusha kufikia jioni. Ule mshono unaoogopwa kuonekana chini ya blauzi, kwa kweli ni nadra kuonekana isipokuwa kwenye kitambaa chembamba kinachobana.

Kamba zinazoteleza zina sababu zake. Kama si ndefu tu, basi ukanda ni mpana kuliko mwili na kamba zimeshonwa mbali mno, au mabega yameinama. Kiunganishi kidogo cha kuvuta kamba pamoja mgongoni husaidia mwenye mabega yaliyoinama. Kwa mwenye ukanda mlegevu kinaficha kosa tu.

Matiti karibu ya kila mtu hayalingani. Chagua kikombe kwa titi kubwa, siku zote, kisha weka pedi nyembamba upande mdogo au kaza kamba ya upande huo. Ukichagua kwa dogo, kubwa litasukumwa nje na waya utakaa juu ya nyama.

Sidiria ya michezo ni mjadala mwingine, na hapa wenye kifua kikubwa huuziwa vibaya zaidi. Ile ya kuvutwa kichwani inayobonyeza matiti yote mawili kuwa kitu kimoja inafaa kwa kifua kidogo. Titi linapokimbia haliendi juu na chini pekee. Huenda pia kushoto na kulia, ndani na nje, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza, wamelipima hilo kwa miaka. Kubonyeza hupunguza mwendo wa mbele na kuyaacha mengine, tena hukusanya jasho katikati. Tafuta yenye vikombe viwili tofauti, kulabu nyuma, kamba zinazorekebishika. Ijaribu kwa kuruka palepale mara 10. Matiti yakichelewa kushuka baada ya mwili, haijatosha.

Mwili haukai palepale. Siku za kabla ya hedhi zinaweza kuongeza kikombe kizima, na ni busara kuwa na sidiria moja laini ya siku hizo. Ujauzito hupanua mbavu pamoja na matiti, kwa hiyo kwa muda huo sidiria mpya inaweza kufungwa kwenye mistari ya ndani ili ibaki nafasi ya kulegeza, kinyume na kanuni ya kawaida. Anayenyonyesha aepuke waya au kikombe chochote kinachokandamiza titi lililojaa, kwa kuwa mgandamizo wa muda mrefu unaweza kuzuia maziwa kutoka. Pima upya kila uzito unapobadilika kwa wazi, baada ya kuachisha mtoto, na baada ya kukoma hedhi.

Chini ya matiti mazito ngozi hugusana na ngozi, jasho hubaki, na vipele, wekundu au fangasi hufuata. Kausha vizuri kabla ya kuvaa, chagua bitana ya pamba, na hakikisha waya unalinyanyua titi kutoka kifuani badala ya kulala juu yake. Wekundu usioisha, wenye harufu au michubuko, ni wa daktari. Vivyo hivyo uvimbe, chuchu inayotoa majimaji, au ngozi inayobonyea. Hayo hayatibiwi kwa sidiria. Na kwa kuwa swali hili haliishi: sidiria haisababishi saratani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na watafiti wa kituo cha Fred Hutchinson, Seattle, ukichunguza wanawake waliokwisha kukoma hedhi, haukukuta uhusiano wowote, si kwa waya, si kwa saa za kuvaa kwa siku. Na mwenye maumivu ya shingo na mgongo ambayo hayaondoki hata akiwa na sidiria sahihi aende akaonane na daktari, kwani uzito wenyewe unaweza kuwa ndio ugonjwa.

Lastiki huuawa na joto na kutopumzishwa. Usivae sidiria ileile siku mbili mfululizo. Sidiria 3 zinazopokezana hudumu zaidi kuliko moja moja zikimalizwa kwa zamu. Fua kwa mkono, maji ya vuguvugu, sabuni laini, kulabu zikiwa zimefungwa zisikwaruze lesi. Usikamue kwa kusokota. Ibonyeze ndani ya taulo. Anika kivulini kwa kuining'iniza kwenye kipande cha katikati, kwa maana ukitundika kwa kamba, uzito wa maji huzivuta. Mashine ya kukaushia ni adui kamili. Kwa matumizi ya mara kwa mara, mwaka mmoja ni umri mzuri kwa sidiria inayobeba uzito mkubwa, na nyingi huchoka kabla.

Kabla ya kuitupa, fundi anaweza kuokoa baadhi. Ukanda ulionyumbuka hupunguzwa kwa kukata na kushona upya mwishoni, karibu na kulabu, ukipungua sawasawa pande zote mbili ili vikombe visivutwe upande mmoja. Sentimita 2 au 3 kila upande zinatosha. Zaidi ya hapo kamba zinasogea kuelekea katikati ya mgongo na nyaya zinapanuka. Waya uliotoboa mfuko wake hurudishwa ndani na tundu kuzibwa kwa kipande cha kitambaa kigumu, mishono ipite mara kadhaa. Kamba zilizolegea hubadilishwa kwa urahisi. Kikombe hakirekebishiki: ukikibana kwa mshono unaondoa kina, na waya haulingani nacho tena. Waya uliovunjika katikati hauna dawa. Uchomoe pamoja na wa upande wa pili, na sidiria hiyo iwe ya kukaa nayo nyumbani.